Spitfire Angani: Ndege Ileile au Jina Lilelile?

Tarehe 26 Mei 1940, rubani Mwingereza Geoffrey Stephenson alitua kwa tumbo la ndege ufukweni Sangatte, karibu na Calais, Ufaransa. Spitfire yake, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, namba N3200, ilikuwa imepigwa risasi. Yeye alitekwa na Wajerumani, ndege ikamezwa na mchanga. Ilifukuliwa mwaka 1986, na mwaka 2014 ikaruka tena. Sasa iko Duxford, Uingereza, na watu hulipa kiingilio waisikie injini ya Merlin, silinda 12 na lita 27, ikinguruma juu ya vichwa vyao. Ndipo swali linapozuka: ndege kongwe za kivita kama hii ziendelee kurushwa, au zibaki makumbusho?

Hadithi tamu, ila bati lililolala miaka 46 kwenye mchanga wa chumvi halibebi mtu angani. Kinachoruka, kwa sehemu kubwa, ni bati jipya lililokatwa kwa vipimo vya zamani na kupewa namba ya zamani. Wenye majahazi wa Lamu hawatashangaa: ubao huu unang'olewa leo, ule mwakani, na jina la chombo halibadiliki. Lakini nahodha hamwambii abiria kwamba anakanyaga mbao alizokanyaga babu yake.

Wanaotaka ndege hizi zibaki chini hutaja vifo, nao wana haki. Mwaka 2015, ndege kongwe ya kivita aina ya Hawker Hunter ilianguka kwenye barabara ya A27 huko Shoreham, Uingereza, na kuua watu 11. Hao walikuwa barabarani na kando yake, si ndani ya uwanja wa maonyesho. Novemba 2022, ndege kongwe ya kivita aina ya Kingcobra iligongana angani na B-17, ndege ya kudondosha mabomu, mjini Dallas, Marekani: watu sita wakafa na ndege mbili adimu zikateketea. Mei 2024, rubani wa kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga la Uingereza alikufa Spitfire yake ilipoanguka karibu na kambi ya Coningsby. Rubani ameamua mwenyewe kubeba hatari yake. Dereva wa A27 hakuulizwa. Kwa hiyo hoja ya kuzirusha mbali na watu na barabara, kwangu, haina mjadala.

Upande wa pili, wanaotaka ziruke, huzungumzia heshima kwa mashujaa. Hoja hiyo hainitikisi sana, maana shujaa anategemea anayetazama. Kenya ya miaka ya 1950, Waingereza walizifunga ndege za mafunzo za Harvard silaha, wakazituma kupiga misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walimojificha Mau Mau. Harvard nazo bado hupamba maonyesho. Mngurumo unaomtoa machozi ya fahari mzee wa Lincolnshire, Uingereza, ungeweza kumkumbusha mzee wa Nyeri mambo mengine kabisa.

Hoja yao yenye uzito ni ya ufundi, ingawa huisema kwa nadra. Kufumua Merlin na kuisuka upya, au kupinda bati la bawa la Spitfire, lenye kingo zilizopinda, si kazi ya kusoma kwenye mchoro tu. Mkono hujifunza kwa mkono mwingine. Ndege zote zikifungiwa makumbusho, baada ya kizazi kimoja tutabaki na umbo lisilo na mtu anayejua kuliamsha.

Ndiyo maana nasema N3200 na wenzake waliojengwa upya waruke. Tukipoteza ndege moja, tofauti na uhai wa rubani, bati lake hukatwa tena. Zile ambazo bado zina ngozi yake ya 1940, kama Spitfire R6915 inayoning'inia kwenye jumba la makumbusho ya vita London, zisiguswe hata kwa rangi.

Inayonipa shida ni Spitfire P7350 ya Coningsby. Hiyo ilipigana kweli mwaka 1940, na bado inaruka. Ingekuwa yangu, ningeizima injini nikiwa bado nayo nzima.