Kueleza jambo Bukavu, kulieleza Bruxelles

Wakongo wengi wakifika Ubelgiji huambiwa hawajui kujieleza, na wengine huishia kuamini. Mimi sikubali. Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, tulizoea msikilizaji anayebeba nusu ya kazi, na huku hayupo.

Chukua mpangaji wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, ambaye ukuta wake umeanza kunyonya maji. Mara nyingi mwenye nyumba anakaa parsela hiyohiyo, yaani kiwanja hichohicho. Anasalimiwa, anaulizwa watoto, inatajwa mvua ya juzi, yeye mwenyewe anadakia, "Upande wa choo?", anainuka kwenda kuangalia. Ombi halijatamkwa na limeshaeleweka.

Bruxelles mwenye nyumba huenda anaishi mji mwingine, ukuta hajauona, na ananyamaza mpaka umalize kusema. Kimya hicho hututisha. Tunaongeza maneno kukijaza, na ombi linazama humo.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga simu, andika sentensi moja kwa Kiswahili au Mashi, lugha ya Washi wa kwetu: nini, wapi, tangu lini, nani afanye nini. "Dari ya chumba cha kulala inavuja tangu Jumatatu, naomba utume fundi wiki hii." Ombi lisipoenea katika sentensi moja, ujue una mambo mawili, yatenganishe. Ndipo uiweke kwa Kifaransa chepesi. Wasomi wetu hukwama hapa kuliko wote, kwa sababu shule ilitufundisha kwamba Kifaransa kizuri ni kirefu. Ukishaisema, nyamaza, umwache ajibu. Mtumie picha zenye tarehe. Asipojibu, mwandikie barua ya rekomande, ile inayosajiliwa posta, na utunze risiti. Kwa daktari ni vilevile: panapouma, tangu lini, dawa ulizokunywa, mengine atauliza.

Lakini mtindo huu usiupeleke nyumbani jinsi ulivyo. Ukimpigia mama mdogo kule Bagira, mtaa mwingine wa Bukavu, ukaanza na "Ile pesa ya shule ilifika?" kabla ya kumwuliza alivyoamka, atahisi unamshuku. Na mambo mazito, kama mahari au ugomvi wa parsela kati ya ndugu, hayataki haraka hiyo. Watu wanaketi, kila upande unasema, mzee anazunguka na maneno mpaka waliokosana wafike wenyewe kwenye jibu. Katika hilo Bukavu inaishinda Bruxelles mbali sana, maana jibu ambalo mtu amelifikia mwenyewe mbele ya ndugu zake ni vigumu kulikana kesho.