Si aibu tu

Mwandishi umeeleza vizuri, ila hapo uliposema Wajapani wanakwama kwenye Kiingereza kwa sababu ya aibu, mimi sikubali. Chukua "Do you mind if I sit here?" (yaani, itakukera nikikaa hapa?) Mjapani muungwana anajibu "Yes, please", akimaanisha karibu ukae. Mwingereza keshajua amenyimwa kiti! Muulize Mjapani "Didn't you eat?" (hukula?) atasema "Yes", pale Mwingereza angesema "No", maana kwao "hai", yaani ndiyo ya Kijapani, ni kukubali ulichosema: kweli, sijala. Kwani sisi tunajibuje? "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Yale yale. Tangu 2020 Kiingereza ni somo rasmi kuanzia darasa la 5 huko, lakini wengi bado wanakariri "I'm fine, thank you, and you?" hata mwenye homa.