Kula kitandani: lini sawa, lini hapana

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi ni chumba kimoja, futi 10 kwa 10: kitanda, jiko la gesi, ndoo ya maji, begi la nguo, stuli ikibidi. Mwenye geto akirudi jioni na chipsi zake kwenye mfuko, kitanda ndicho kiti na ndicho meza. Kumwambia kwamba kula kitandani ni tabia mbaya ni sawa na kumwambia ale amesimama. Lakini wanaokataza nao wana sababu zao. Wanawajua mende, wanalijua doa la mchuzi lisilotoka, wanakijua kiungulia cha saa nane usiku. Shida ni kwamba hoja zinazosikika zaidi katika ubishi huu ndizo dhaifu, na zile nzito husahaulika.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya kunguni, kwamba makombo ndiyo humleta. Kunguni hunywa damu tu, na makombo hayamhusu hata kidogo. Anaingia nyumbani kwa godoro au kitanda cha mtumba, kwa begi lililotoka safarini, au kupitia ufa wa ukuta unaopakana na chumba cha jirani. Ukimsaka, kagua mishono ya godoro na viungo vya chaga, usihangaike na vipande vya mkate.

Sisimizi ni habari nyingine. Mmoja akipata sukari anarudi kiotani huku akiacha harufu njiani, na wenzake wanaifuata. Ndiyo maana kuwaua wale waliokwisha kufika shukani hakusaidii. Njia yao ndiyo ya kufuta, kwa maji ya sabuni: mguu wa kitanda, kona ya ukuta, pindo la chandarua linaloburuza sakafuni. Wazee waliweka miguu ya kitanda ndani ya vikopo vya maji, na mbinu hiyo bado inafanya kazi, mradi shuka isiguse chini na kitanda kisiegemee ukuta. Tahadhari ni moja: kikopo cha maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengue, na Dar es Salaam ilishapigwa na mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Mwaga maji hayo kila baada ya siku 3 au 4, na usugue kuta za kikopo kwa brashi, kwa sababu mayai hugandia pembeni, juu kidogo ya usawa wa maji.

Mende na panya ndio hoja nzito upande wa wadudu na wanyama. Kinyesi na magamba ya mende huchochea pumu, hasa kwa watoto, na mende halazimiki kupata kipande cha chapati. Utando wa mafuta kwenye foronya unamtosha. Panya naye hufuata harufu ya chakula hadi vidoleni na midomoni mwa aliyelala. Mtoto mchanga asiachwe amelala na maziwa yaliyomwagikia shingoni, iwe katika nyumba ya udongo au ya matofali.

Upande wa afya, kinachoumiza ni kulala, wala si kukaa kitandani. Mlango wa juu wa tumbo hufungwa na msuli wa duara. Ukiwa wima, uzito wa chakula unabaki chini. Ukijinyoosha tumbo likiwa limejaa, tindikali hupanda kwenye umio, yaani mrija wa chakula, na hicho ndicho kiungulia. Vyakula vya mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu zaidi, kwa hiyo chipsi mayai za saa nne usiku ni mbaya kuliko uji wa saa hiyo hiyo. Acha saa 2 hadi 3 kati ya mlo na usingizi. Ramadhani huleta mtego wake: watu hula daku, husali Alfajiri, kisha hurudi kulala tumbo likiwa bado zito. Kama lazima ulale, lalia ubavu wa kushoto, maana kwa jinsi tumbo lilivyokaa, mlango wake hubaki juu ya kilichomo. Anayesumbuliwa na kiungulia mara kwa mara aweke matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakutoshi: kunakunja kiuno na kulibana tumbo.

Wataalamu wa usingizi nao wana neno. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Mmarekani Richard Bootzin alitoa utaratibu wa kutibu kukosa usingizi: kitanda kiwe cha kulala na cha tendo la ndoa tu, pasiwe na chakula, kusoma wala televisheni, na usingizi usipokuja baada ya muda uinuke hadi utakapousikia. Unafanya kazi. Ila uliwekwa kwa ajili ya watu wenye shida ya usingizi, na unadhani mtu ana chumba kingine cha kwenda. Anayelala fofofo kila siku hana haja ya kuufanya sheria. Mwenye shida hiyo na chumba kimoja anaweza kukunja chandarua, kutandika mkeka sakafuni na kula hapo. Gharama yake ni mkeka.

Mkeka huo unatufikisha kwenye adabu. Pwani, sinia la wali likiwekwa juu ya mkeka au jamvi, hakuna meza na hakuna anayeona upungufu. Kwa hiyo anayesema chakula ni cha mezani tu anatetea mazoea ya nyumba fulani. Hata hadithi inayotajwa sana, iliyopokewa na Bukhari, kwamba Mtume hakuwa akila akiwa ameegemea, inazungumzia mkao wa mlaji, fanicha haikutajwa. Hoja ya adabu yenye uzito ni faragha: kitanda ni mahali pa ndani, na kumkaribisha mgeni ale hapo ni kumpa ukaribu ambao huenda hakuuomba. Mwenyeji wa chumba kimoja anajua hivyo, ndiyo maana hutandika kitenge juu ya shuka kabla mgeni hajaketi.

Kuna mahali ambapo kukataza hakuna maana kabisa, napo ni kwa mgonjwa. Hapa ufundi ni muhimu kuliko maoni. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa bila hata kukohoa, chakula kikaingia mapafuni na kuleta nimonia. Mkalishe wima kadiri inavyowezekana, mgongo ukiwa umeegemezwa na kidevu kikiinama kidogo. Tumia kijiko cha chai, tonge dogo kwa wakati mmoja, na usubiri ameze kabla ya kuleta jingine. Mara nyingi maji matupu humpalia upesi kuliko uji mzito. Akimaliza, angalia kama kuna mabaki shavuni upande uliopooza, kisha abaki amekaa kwa dakika 30. Sauti ikiwa na mkwaruzo wa majimaji baada ya kula, acha kumlisha na upate ushauri wa hospitali.

Kwa mwenye afya, mengi huharibika kwa sababu ya godoro. Sponji laini huzama upande mmoja ukijigeuza, na kikombe kinafuata. Tumia sinia lenye ukingo, kikombe kisizidi theluthi mbili, chai iliyobaki ikae kwenye chupa iliyofungwa, sakafuni. Tandika mpira ule wa kitanda cha mtoto, juu yake kanga, na ukimaliza kunja kanga kutoka pembeni kwenda katikati, ukaikung'ute nje. Samaki mwenye miiba na karanga za maganda zibaki nje ya kitanda, hasa umeme ukiwa umekatika. Na kula kabla ya kuchomeka chandarua, kwa sababu kila unapokiinua kupitisha sahani unamkaribisha mbu.

Kikimwagika kitu, gandamiza kwa kitambaa kikavu. Kusugua kunakishindilia ndani ya sponji. Mafuta yanyunyizie poda au unga, subiri dakika 20, pangusa, ndipo utumie sabuni ya vyombo na maji kidogo. Maziwa yanataka maji baridi. Doa la binzari manjano likigeuka jekundu ulipolipaka sabuni, usishtuke: suuza, anika shuka juani, na jua lenyewe litalififisha. Godoro lisilowekwe majini kamwe, sponji nene hukauka juu huku ndani ikibaki na unyevu na kuota kuvu. Lisimamishe kwa ubavu penye upepo, ulirudishe chagani likikauka hadi ndani.

Kwa wanaolala wawili, mwenye turufu awe yule asiyekula hapo, kwa kuwa makombo hayafuati mpaka wa mito.