Mlinzi Haufungi Mji

Mwaka juzi, katika ibada ya nyumba kwa nyumba ya mtaani kwetu, mama mmoja aliyekuwa amemzika mwanawe miezi mitatu kabla aliifunga Biblia yake, akaiweka mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku hizi akisali huona kama anazungumza na dari. Kiongozi wa ibada hakumwacha amalize. Aliikemea roho ya mashaka, tukasimama, tukaimba pambio, kisha chai ikaletwa. Mama yule hakusema neno tena jioni ile, na wiki nyingi zilipita bila kumwona. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama kweli tunajua kuilinda nia, au tumejifunza tu kuzibana midomo.

Andiko tunalopenda kulitaja ni Wafilipi 4:7, kwamba amani ya Mungu, ipitayo akili zote, "itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu." Kitenzi cha Kigiriki kilicho nyuma ya neno "itawahifadhi" ni cha askari wa zamu, na Paulo anakitumia tena katika 2 Wakorintho 11:32, anaposimulia jinsi liwali wa mfalme Areta alivyokuwa akiulinda mji wa Dameski ili amkamate, naye akateremshwa ukutani ndani ya kapu. Aliyeandika habari za ulinzi alikuwa amewahi kuwatoroka walinzi, na waraka huo kwa Wafilipi aliuandika akiwa kifungoni. Naamini alijua kwamba mlinzi haufungi mji siku zote, kwa maana mji wa namna hiyo utakufa njaa. Mlinzi husimama langoni akauliza nani anaingia na amefuata nini. Hata sisi, mtu akipiga hodi, hatumpokei kwa rungu kabla hajajitaja.

Tena anayelinda hapo ni amani ya Mungu, wala si ukali wetu, na mstari wa 6 unaotangulia unataka haja zetu "zijulikane na Mungu." Haja isiyoruhusiwa kutamkwa itajulikanaje?

Yohana Mbatizaji ndiye anayenisaidia kuliko wote. Aliyemtambulisha Mwana-Kondoo wa Mungu mbele ya watu ndiye aliyekuja kuwatuma wanafunzi wake kutoka gerezani wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" (Mathayo 11:3). Hakuitangazia hadhara shaka yake, wala hakuificha. Aliipeleka kwa Yesu mwenyewe. Yesu naye hakumkemea, bali aliwaagiza wakamweleze waliyoyasikia na kuyaona, kwamba vipofu wanapata kuona na maskini wanahubiriwa habari njema, kisha akageuka na kumsifu mbele ya makutano.

Sisemi kwamba kila shaka ni ya kuheshimiwa sawasawa. Ipo inayokuja saa nane usiku, umeshika simu, umetazama video ya tano ya mtu usiyemjua anayeubomoa Ukristo kwa dakika tatu; hiyo mara nyingi huhitaji usingizi kwanza. Ipo ya msomaji anayeona Injili nne hazisimulii asubuhi ya ufufuo kwa mpangilio mmoja, naye anastahili kitabu na mwalimu mvumilivu, si maombi ya kufunguliwa. Ipo pia ya bwana ambaye amekwisha kuamua kuitelekeza ndoa yake, ndipo ghafla akagundua kwamba Biblia ina utata. Nadhani huyo yuko karibu zaidi na yule "mtu wa nia mbili" wa Waraka wa Yakobo. Lakini shaka ya msiba si uasi. Yuda, katika waraka wake mfupi, ametuagiza tuwahurumie walio na shaka, na agizo hilo sijalisikia likihubiriwa hata mara moja.

Mama yule alirudi baadaye. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akienda kwake kila Alhamisi jioni, akaketi naye barazani bila kuhubiri, na siku moja akamsomea Zaburi ya 88, ile inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila faraja yoyote. Mama akauliza ni nani aliyeruhusu zaburi kama hiyo iingie katika Biblia, kisha akaomba asomewe tena.