Afrika mbona imerukwa?
Makala yenu kuhusu historia ya Olimpiki imeeleza vizuri safari kutoka Olympia mwaka 776 KK hadi Athens 1896, halafu ikarukia Paris 2024. Afrika je? Michezo ya Afrika ilianza Brazzaville mwaka 1965. Na Montreal 1976! Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi wetu, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch 1974, hakukimbia. Huo ni mchango mkubwa mno kuachwa. Hapa Mbeya nawanoa vijana wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na wengi hawajawahi kuusikia. Mwandishi, tunaomba sehemu ya pili.