Fomu ya maswali 16 na darasa la watu 300: kila mwanafunzi afundishwe kwa staili yake?

Majuzi hapa chuoni tulifanyiwa semina ya ufundishaji, mwezeshaji akatugawia fomu ya maswali 16, ukishajaza unajumlisha alama unaambiwa wewe ni mtu wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, au wa kushika na kutenda. Mimi nikatoka wa kutenda, mimi huyu ambaye balbu ikiungua nyumbani nasubiri mtu aje. Basi tukaambiwa tukawajazishe na wanafunzi halafu kila mmoja tumfundishe kwa staili yake. Nina watu 300 na ushee, maiki moja, na projekta inayowaka ikijisikia. Lakini tuache ugumu wa kazi, kama kitu kinasaidia kweli tungehangaika nacho hivyohivyo. Je kinasaidia?

Tuwatendee haki kwanza wenye hoja yao. Fomu ile inaitwa VARK, mwenye nayo ni Neil Fleming wa Chuo Kikuu cha Lincoln kule New Zealand, aliitengeneza 1987, na kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa shule, akawa anaona walimu wazuri kabisa ambao bado kuna wanafunzi somo linawapita kushoto, akajiuliza kwa nini. Swali halali. Mwaka uliofuata Marekani, Richard Felder ambaye ni injinia wa kemikali akaandika na mwanasaikolojia Linda Silverman kuhusu madarasa ya uinjinia, kwamba profesa anamwaga maneno na fomula wakati wengi waliokaa mbele yake wanataka picha na mifano ya kushikika, mwisho wa siku watu wanachoka wanahama kozi. Na mimi nikikumbuka lekcha nilizokaa enzi zangu, mtu anasoma handauti neno kwa neno saa 2 nzima hata macho hainui, siwezi kusema Felder alikosea.

Ila ukimsoma vizuri Felder hasemi kila mtu apikiwe chungu chake. Anasema mwalimu achanganye, kila mmoja apate anachokipenda na pia azoee asichokipenda, sababu kazini hakuna atakayekuuliza unapenda nini. Hata Fleming mwenyewe alisema fomu yake inapima mtu anapendelea njia gani tu. Ni sisi wa semina tuliotoa kwenye "anapendelea" tukaruka mpaka "atafaulu zaidi".

Na hapo ndipo hoja inapokatika. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake 3 waliuliza ushahidi wa maana ungefananaje, wakasema chukua watu wa kuona na watu wa kusikia, wachanganye kwa bahati nasibu, wengine wafundishwe kwa picha wengine kwa maneno, wote wafanye mtihani uleule, kisha tuone kama wa kuona wanafanya vizuri zaidi kwenye picha na wa kusikia zaidi kwenye maneno. Walipopekua wakakuta tafiti za namna hiyo ni chache mno, na baadhi ya zilizokuwepo zikapinga. Halafu 2018 huko Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wanafunzi wa anatomia walijaza hii VARK yenyewe, wakaonyeshwa wasomeje, ikaonekana theluthi mbili hata hawakusoma kwa staili waliyopewa, na wale waliofuata hawakuwazidi wenzao.

Sasa mwanafunzi atakwambia, "Madam, mbona mimi nikiangalia video naelewa kuliko nikisoma?" Simbishii kwamba anajisikia hivyo. Lakini kuna jaribio la Harvard la 2019, darasa la fizikia, wanafunzi waliokaa kusikiliza lekcha tamu ya kuteleza walisema wamejifunza sana, waliohenyeshwa kutatua maswali wenyewe kwa makundi wakasema wamejifunza kidogo kuliko hao, matokeo yakaja kinyume, waliohenyeshwa ndio waliojifunza zaidi. Kinachoteleza vizuri tunakiona kimeingia. Ndio maana mtu anapitia desa, yaani notisi zake, mara 5 usiku mzima anaona yuko fiti, akikaa kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, karatasi inamwangalia tu.

Kuna jambo nililisubiri semina nzima lisemwe halikusemwa, kwamba staili mara nyingi inaamuliwa na somo. Mishipa ya moyo utaichora, hata darasa lote liwe la watu wa kusikia. Kumchoma mgonjwa sindano huwezi kujifunza kwa podikasti. Matamshi ya Kifaransa yanataka sikio. (Na mwanafunzi asiyeona au asiyesikia tusimuingize humu, yule hana "staili", ana haki ya kupata somo kwa njia anayoweza kuifikia, hilo si la kupigia kura.)

Kwa hiyo wanafunzi wote ni sawa? Hapana, na hapa ndipo nawaonea huruma wanaotetea staili, maana wamehisi kitu cha kweli wakakipa jina lisilo lake. Mimi nafundisha uchumi. Mbele yangu amekaa aliyesoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu), grafu ameshaichora mpaka amechoka, na pembeni yake aliyetoka HGL (historia, jiografia na Kiingereza), hesabu aliachana nazo kidato cha nne na hakuaga. Nikienda polepole wa kwanza anachati, nikikimbia wa pili ananipotea. Hapo ndipo pa kumfuata mwanafunzi alipo. Halafu lugha! Amesoma Kiswahili mpaka la saba, akatumbukizwa kwenye Kiingereza kidato cha kwanza, na wengine mpaka leo wanatafsiri kichwani huku slaidi inabadilika. Nikieleza elastisiti, yaani bei ikibadilika watu wanabadili manunuzi kiasi gani, kwa lugha ya kitabu wananiangalia. Nikisema chumvi ikipanda bei utanunua tu ila soda ikipanda utakunywa maji, vichwa vinainuka vyote, wa kuona na wa kusikia kwa pamoja. Ile fomu haina hata swali moja kuhusu hayo.

Ninachokiogopa zaidi ni lebo. Wiki moja baada ya kujaza, kijana mmoja kaniambia hakusoma sura niliyowapa kwa sababu yeye "siyo mtu wa kusoma". Anatarajia kuwa mhasibu.

Wakati huohuo vipo vitu ambavyo havijali staili. Mwaka 2014 mtafiti Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za madarasa ya sayansi, uinjinia na hesabu vyuoni, kwenye lekcha tupu walifeli kama 34 kati ya 100, kwenye madarasa ambayo wanafunzi wanafanyishwa kazi wakafeli kama 22. Pia kwizi, tena ndogo tu, tangu 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba baada ya wiki mtu aliyejaribu kukumbuka bila kuangalia anamzidi aliyerudia kusoma.

Zile fomu zimebaki rimu nzima ofisini, upande mmoja mweupe. Nimezikata vipande vinne vinne, kila Jumatatu dakika 5 za kwanza kila mtu anapata chake, anaandika alichokumbuka cha wiki iliyopita, madaftari chini.