Bastola kubwa haitaki mkono mlegevu

Kila nikisikia mtu kanunua bastola ya .45, yani ya risasi yenye kipenyo cha inchi 0.45, alafu baada ya miezi miwili anataka kuiuza eti inakwama kwama, roho inaniuma kwakweli, maana mara nyingi bastola haina kosa lolote, kosa liko kwa aliyeishika.

Mi nna .45 inayoitwa 1911, muundo ule ule wa John Browning ambao jeshi la Marekani liliupokea mwaka 1911 na likakaa nao mpaka 1985 lilipohamia kwenye Beretta ya milimita 9. Magazini, yani kile kibebeo cha risasi, inabeba risasi 7 tu, na ikiwa tupu bado ina kilo 1 na ushee. Watu wananiuliza risasi 7 za nini wakati za kisasa zinabeba 15 au 17, nawajibu sikuinunua kwa kuhesabu risasi, niliipendea triga, inarudi nyuma imenyooka kabisa, fupi, na ukikosea shabaha unajua umekosea wewe.

Tuje kwenye kukwama. Ukifyatua, slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, inatakiwa irudi nyuma mpaka mwisho, iteme ganda, ikirudi mbele ibebe risasi nyingine. Ili ifike mwisho lazima fremu, yani mwili wa chini wenye mpini, itulie, na wa kuituliza ni wewe. Kifundo cha mkono kikilegea bastola nzima inakwenda nyuma pamoja na slaidi, nguvu inaishia njiani, ganda linabanwa pale juu limesimama wima kama bomba la moshi. Mwezi wa kwanza yalinikuta hayo, nikabadilisha magazini, nikabadilisha risasi, nikabakiza kidogo niipeleke kwa fundi, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anapiga shabaha pembeni yangu akaniambia "kijana, kaza kifundo, usiibembeleze". Magazini yote ikapita bila kukwama.

Na hili la kusema .45 inapiga teke sana mi silikubali. Risasi yake ya kawaida ni greni 230, yani kama gramu 15, na inatoka kwa mita 250 hivi kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti, kwahiyo unachosikia mkononi ni msukumo mzito, sio kofi. Kinachoharibu shabaha ni kuuogopa huo msukumo kabla haujaja. Mwambie rafiki akuchanganyie risasi bandia moja kwenye magazini bila wewe kujua iko ya ngapi, ukifika kwenye hiyo utaona mdomo wa bastola umeinama wenyewe na hakuna kilicholipuka. Mimi nilivyoona vile niliacha risasi za kweli wiki nzima, nikawa nafyatua tupu nyumbani, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, nimeikagua mara mbili na risasi ziko chumba kingine.

Wanaokimbilia Desert Eagle ya .50 wajue ile inakaribia kilo 2 na inaendeshwa na gesi, kuna tundu dogo kwenye mtutu, kwahiyo ukipiga risasi za risasi tupu yani madini ya risasi yasiyovikwa shaba, tundu linaziba. Sio ya kujifunzia.

Usafi sasa. Ukiifungua 1911 weka kidole gumba juu ya kile kifuniko cha springi chini ya mtutu, usikiachie, mimi kiliniponyoka kikagonga dari na nilikitafuta nusu saa. Ukiwa unairudisha ile pini ya kusimamisha slaidi usiilazimishe, wengi wanaacha mkwaruzo wa nusu duara ubavuni mwa fremu na haufutiki. Mafuta tone tone kwenye reli za slaidi yanatosha, ukimwaga yanakamata masizi yanakuwa tope. Springi ya slaidi mi nabadilisha nikifika risasi kama 3000, au mapema nikiona maganda yanarushwa mbali kuliko kawaida, hiyo ni dalili imechoka. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa chakula, yale madini ya risasi ni sumu.

Kama huna uwezo wa kununua risasi za kupiga angalau kila mwezi, bora uchukue ya milimita 9. Bastola kubwa ikilala kabatini mwaka mzima mkono unasahau, alafu siku unaitoa unaanza kuilaumu.

Siku hizi nikimaliza kupiga naangalia chini kwanza kabla sijaangalia shabaha. Maganda yakiwa yamelala pamoja upande wa kulia najua kifundo hakikulegea, yakiwa yametawanyika mpaka mbele ya miguu yangu narudia magazini nyingine polepole.